Injini ya mtumba angani: Akiba ipo, ila kompyuta ndiyo yenye kauli

KATIKA mabanda ya viwanja vidogo vya ndege nchini Marekani, huwa hakosekani mtu anayemaliza jioni na Jumamosi zake akigonga ripiti kwenye mabati ya alumini. Huenda ni mwalimu, fundi umeme au mstaafu. Anaunda ndege yake mwenyewe ya viti viwili, kazi inayoweza kumchukua miaka kadhaa. Mabawa yakikamilika na fedha zikianza kukauka, hufika kwenye swali ambalo kila mwenye mashine ya kusaga au pampu ya kumwagilia amewahi kujiuliza: anunue injini mpya iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au atafute ya mtumba iliyotoka kwenye gari?

Kwa ndege, tofauti ya bei si ya kupuuza. Injini mpya ya ndege ya kampuni ya Lycoming yenye nguvu za farasi 180 hupita dola 30,000 za Marekani. Injini ya rotari aina ya 13B, iliyong'olewa kwenye gari la Mazda RX-7, ilikuwa ikipatikana kwa dola elfu chache tu. Hata baada ya kuifungua, kuisafisha na kuiwekea sili mpya, mnunuzi alibaki na kitu mfukoni.

Ndiyo sababu, tangu miaka ya 1990, limekuwapo kundi dogo la wajenzi wa ndege wanaoshikilia injini hiyo. Miongoni mwao anafahamika Tracy Crook wa Florida, aliyeruka kwa miaka mingi na ndege yake aina ya RV-4 yenye injini ya 13B, na akawauzia wenzake gia ya kupunguza mwendo pamoja na kompyuta ya kuendesha injini. Hiyo kompyuta, kiboksi kidogo kinachoenea mkononi, ndiyo iliyoamua kama akiba ya mtumba ni akiba kweli.

Kwanza lieleweke jambo moja. Sheria za Marekani zinaruhusu mtu kuruka na ndege ya kujiundia iwapo sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, imefanywa na watu walioijenga kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Ndege hiyo huandikishwa kama ya majaribio, na hairuhusiwi kubeba abiria wala mzigo kwa malipo. Kwa lugha ya biashara, injini hii haitaingiza hata senti moja. Faida yake yote ni kile kilichookolewa wakati wa kununua na wakati wa kuitunza.

Mashine isiyo na pistoni

Injini ya rotari ilitokana na kazi ya Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza ilinguruma mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Ndani yake hamna pistoni za kupanda na kushuka, wala valvu. Kuna rota yenye pembe tatu inayozunguka ndani ya chumba kinachofanana na namba nane iliyonenepa kiuno. Kila pembe ina sili ya chuma inayosugua ukuta wa chumba. Rota ikizunguka mara moja, shafti huzunguka mara tatu. Injini ya 13B ina rota mbili, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,308. Ukiacha pampu na vikorokoro vingine vya pembeni, vitu vikubwa vinavyotembea ndani yake ni vitatu: rota mbili na shafti.

Sili hizo za pembeni ziliwahi kuzamisha kampuni nzima. NSU ilipoingiza sokoni gari lake la Ro 80 mwaka 1967, sili zilikuwa hazijakomaa. Injini zilirudi kwa wingi zikiwa bado ndani ya dhamana, na mwaka 1969 kampuni ikaingia mikononi mwa Volkswagen. Mazda ya Japani, iliyokuwa imenunua leseni mwaka 1961, ilivumilia ikapata dawa ya tatizo. Ilitengeneza RX-7 kuanzia mwaka 1978 hadi 2002, na mwaka 1991 gari lake la rota nne, 787B, likashinda mbio za saa 24 za Le Mans.

Wajenzi wa ndege huipenda kwa sababu inapoharibika, mara nyingi haizimi ghafla. Injini ya pistoni ikivunja valvu au mkono wa pistoni, inaweza kusimama papo hapo. Rotari iliyovunja sili hupoteza nguvu, lakini mara nyingi huendelea kuzunguka, na rubani hupata dakika za kutafuta uwanja. Aidha, hukubali petroli ya kawaida ya magari.

Mapungufu nayo yapo. Inakula mafuta kuliko injini ya pistoni yenye nguvu sawa, eksozi yake ina moto na kelele nyingi, na nguvu yake huipata ikiwa kwenye mizunguko mikubwa. Propela ya ndege ndogo hufanya kazi vizuri kwenye mizunguko 2,700 kwa dakika au chini ya hapo, wakati injini hii inataka 6,000. Lazima basi iwekwe gia katikati. Gia za Crook zilitumia meno yaliyotolewa kwenye gia za otomatiki za magari, nayo ni mtumba mwingine uliopandishwa cheo. Kwa uwiano wa 2.85, mizunguko 6,000 ya injini huwa 2,105 kwenye propela.

Milisekunde kumi za kuamua

Shafti inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, ni mara 100 kwa sekunde. Katika kila mzunguko wa shafti, kila rota huvuta hewa mara moja. Kompyuta ina milisekunde 10 tu za kujua ni hewa kiasi gani imeingia, kuamua petroli kiasi gani iifuate, kufungua nozeli na kuifunga, kisha kupiga cheche kwa wakati wake. Halafu inaanza upya, na hivyo hivyo mpaka safari iishe.

Hewa yenyewe haipimi kwa mizani. Inasoma sensa chache: moja inahesabu mizunguko na kuonyesha shafti iko wapi, nyingine inapima shinikizo la hewa kwenye manifodi, ya tatu inapima joto la hewa. Kutokana na namba hizo hukokotoa uzito wa hewa, kisha huangalia kwenye jedwali lililohifadhiwa ndani yake nozeli ikae wazi kwa muda gani. Kazi hii ni ngumu zaidi kwenye ndege kuliko kwenye gari, maana ndege haibaki kimo kimoja. Ikiwa mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni kama asilimia 70 ya lile la pwani. Kabureta isiyo na njia ya kusahihisha ingemwaga petroli ile ile kwenye hewa pungufu, na injini ingeanza kukohoa moshi mweusi.

Kabureta ina ubaya mwingine ambao waendesha magari wengi hawaujui. Petroli inapogeuka mvuke kwenye koo lake, hupooza mahali hapo kiasi cha kugandisha unyevu wa hewa kuwa barafu, hata nje kukiwa na joto la nyuzi 20. Barafu ikijaa, injini hukosa pumzi. Nozeli zinazopulizia karibu na mlango wa injini huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Upande wa cheche, kila rota ya 13B ina plagi mbili. Moja hutangulia, nyingine hufuata kidogo nyuma yake. Plagi ya kutangulia ikifa, ya kufuata huweza kuendesha injini kwa nguvu pungufu. Ila cheche ikija mapema mno wakati injini imebeba mzigo mkubwa, moto hulipuka badala ya kuwaka, na kinachovunjika ni zile sili za pembeni. Kosa la tarakimu kwenye jedwali linaweza kuharibu injini kwa haraka kuliko mchanga kwenye oili.

Kwa nini kompyuta ya gari isitumike?

Swali hili huulizwa na kila mgeni, na ni la haki. Gari lilikuja na kompyuta yake, tena ya bure. Tatizo ni kwamba ilipikwa kwa ajili ya barabara. Inataka kusikia habari za gia, mwendo wa magurudumu, sensa ya oksijeni kwenye eksozi, na katika magari ya karibuni hata funguo halisi ya gari. Ikikosa habari hizo huona kuna hitilafu, na ikiona hitilafu hupunguza nguvu ya injini ili kuilinda. Dereva aliyepunguziwa nguvu husogea pembeni mwa barabara na kumpigia fundi simu. Rubani aliye juu ya msitu anataka injini ijiharibu ikipenda, mradi imfikishe uwanjani.

Pia ipo moja tu. Injini za kawaida za ndege zina magneto mbili, kila moja ikijitengenezea umeme wake bila betri, ikiwa na plagi zake. Rubani huweza kuzima umeme wote wa ndege, na injini ikaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Anayeondoa magneto akaweka kompyuta amebadilisha kitu kinachojitegemea kwa kitu kinachotegemea waya.

Jibu la watengenezaji wa vidhibiti vya ndege ni kuweka kompyuta mbili. Ndani ya mfumo mmoja huwa kuna A na B, kila moja ikiwa na uwezo wa kuendesha injini peke yake. Kwenye dashibodi kuna swichi ya kuchagua. Kuna pia kitufe cha kuzungusha ambacho humwezesha rubani kuongeza au kupunguza petroli kwa mkono, endapo sensa itadanganya. Ni kifaa cha bei ndogo, lakini kimeokoa safari, kwa sababu sensa ya shinikizo ikifa kompyuta haina njia nyingine ya kujua kimo.

Hata kampuni kubwa zimefuata njia hiyo ya A na B. Rotax ya Austria, ilipotoa injini yake ya pistoni ya 912 iS mwaka 2012, iliipa njia mbili za kompyuta na majenereta mawili ndani ya injini. Tofauti ni kwamba Rotax ilifanya kazi hiyo kiwandani. Mjenzi wa rotari huifanya bandani mwake, akiwa na koleo na mchoro.

Hapo ndipo akili ya mjenzi inapopimwa. Kompyuta mbili zilizounganishwa kwenye fyuzi moja ni sawa na kompyuta moja. Betri mbili zinazotumia waya mmoja wa ethi ni betri moja. Pampu mbili za petroli zinazonyonya kwenye chujio moja lililoziba hazina tofauti na pampu moja. Injini ya nozeli hutaka pampu ya umeme yenye shinikizo kubwa, kwa hiyo alteneta ikifa, muda uliobaki wa kuruka ni ule ulioko ndani ya betri. Mjenzi makini hukaa chini na karatasi, akahesabu kwa ampea kila kinachotumia umeme, akajua ana dakika ngapi. Wengine hununua kiboksi cha gharama kisha wakabana matumizi kwenye waya na vishikio, jambo linalofanana na kununua ng'ombe wa kisasa na kumlaza kwenye zizi la matope.

Liko na suala la oili. Rotari huunguza oili kidogo kwa makusudi ili kulainisha sili. Katika gari la RX-8, pampu ya oili hiyo huendeshwa na kompyuta ya gari. Kompyuta ikiondolewa, pampu nayo inakosa bwana. Wajenzi wengi huimaliza kesi kwa kuchanganya oili ya tu-stroku kwenye petroli, kama afanyavyo mwenye msumeno wa injini. Inafaa, ila siku ya kusahau kuchanganya hakuna taa itakayowaka.

Jedwali halijazwi kwa kukisia

Kompyuta hizi huja na jedwali la kuanzia, lakini kila injini ina mabomba, eksozi na nozeli zake. Mwenye ndege huifunga ndege kwenye nguzo imara, akawasha, akasogeza mafuta hatua kwa hatua huku akiangalia kipimo cha oksijeni kwenye eksozi, na kusahihisha kila safu. Hapa wengi hutumia petroli ya magari, kwani petroli ya ndege aina ya 100LL ina madini ya risasi ambayo huua sensa ya oksijeni na kuchafua plagi.

Shida ni kwamba safu zote hazifikiki ndege ikiwa chini. Shinikizo dogo la manifodi pamoja na mizunguko mikubwa, hali ya ndege inapoteremka, hupatikana angani tu. Kwa hiyo sehemu ya jedwali hujazwa na mtu aliyeshika usukani kwa mkono mmoja na kitufe kwa mwingine, wakati ndiye pia anayetakiwa kuangalia ndege nyingine.

Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilichapisha uchunguzi wake kuhusu ndege za kujiundia mwaka 2012. Ilibaini kuwa kufa kwa mfumo wa injini na kupoteza udhibiti wa ndege ni miongoni mwa matukio yanayoongoza katika ajali zao, na ikapendekeza mfumo wa mafuta ufanyiwe majaribio yenye kumbukumbu za maandishi. Ilionyesha pia kuwa sehemu kubwa ya ajali zilihusu ndege zilizonunuliwa kwa mtu mwingine, si zilizorushwa na aliyezijenga. Kwa ndege yenye kompyuta ya rotari hili lina uzito wa pekee. Mnunuzi hununua pamoja na ndege jedwali lililojazwa na mtu mwingine, na asipopewa daftari la marekebisho anaruka kwa namba asizozijua.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano wa mjenzi ambaye, baada ya kununua injini, gia, kompyuta, rejeta, mabomba na kitako cha kufungia injini, amebakiza dola 12,000 akilinganisha na injini mpya ya ndege. Kama kazi hiyo imemlazimu kutumia saa 800 zaidi bandani, amejilipa dola 15 kwa saa. Kwa anayefurahia kazi ya mikono ni malipo mazuri. Kwa fundi ambaye angeweza kulipwa dola 40 kwa saa hizo hizo mahali pengine, amepata hasara ya dola 20,000 na hajaiona.

Ongeza mafuta. Tuseme rotari yake inakula lita 4 zaidi kwa saa, naye anaruka saa 50 kwa mwaka. Hizo ni lita 200, kiasi kinachoweza kufutwa na bei nafuu ya petroli ya magari ikilinganishwa na ya ndege. Ongeza majaribio. Ndege yenye injini na propela zilizothibitishwa pamoja kwa kawaida hupangiwa saa 25 za majaribio bila abiria. Ile ya injini ya gari hupangiwa 40. Saa 15 za ziada kwa lita 30 kila saa ni lita 450. Mwishoni kuna bei ya kuuza. Wanunuzi wa ndege ni waoga, na ndege yenye injini wasiyoizoea huuzwa kwa bei ya chini kuliko pacha wake mwenye Lycoming. Anayetegemea kuuza baada ya miaka mitano afanye hesabu hii kabla ya kununua chochote.

Faida ya kweli huonekana kwenye matengenezo. Kufungua injini ya ndege na kuirudisha upya hugharimu fedha inayokaribia kumnunulia mtu gari zuri. Kufungua 13B na kuiwekea sili mpya ni kazi ambayo mwenye mkono mwepesi huifanya mwenyewe bandani kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo.

Lakini hatari kubwa ya kibiashara haimo katika injini hata kidogo. Soko la vidhibiti vya rotari za ndege ni dogo mno, na mara nyingi mtengenezaji ni mtu mmoja au wawili kwenye karakana. Akizeeka, akiugua au akichoka, hakuna wa kupokea simu, na chipu ya ndani haina mwenye kuijua. Wengine wamegeukia vidhibiti vya mbio za magari kama Haltech ya Australia, mfumo wa kujiundia wa MegaSquirt, au SDS ya Calgary nchini Kanada, ambayo huuza pia kwa wajenzi wa ndege. Hivi vina wateja wengi zaidi, hivyo huenda vikaishi zaidi ya mtu mmoja.

Injini zenyewe nazo zinaadimika. Mazda iliacha kutengeneza RX-8 mwaka 2012. Mwaka 2023 ilirudisha rotari kwenye gari la MX-30, ila ni ya rota moja ya kuzungusha jenereta, si ya kuwafaa wenye propela. Gari zuri la RX-7 siku hizi hutafutwa na wapenzi wa magari ya zamani, na bei ya mtumba si ile ya miaka ya 1990.

Wanaoendelea wamejiwekea desturi. Hununua kompyuta mbili, moja ya kufunga na nyingine ya kuweka kabatini pamoja na nakala ya jedwali. Kabla ya kuondoka ardhini, swichi hugeuzwa kutoka A kwenda B, na mlio wa injini hautakiwi kubadilika. Ukibadilika, ndege hairuki siku hiyo. Na saa za kwanza za majaribio hazivuki mpaka wa uwanja: ndege hupanda ikizunguka juu ya njia yake ya kurukia, mpaka ifike kimo ambacho ingeweza kuteleza na kutua bila injini, na ni hapo tu ndipo mkono wa rubani hurudi tena kwenye swichi ya B.